Rundo Halishiki, Moshi Umelala, Kisiki Kinafuka: Utatuzi wa Matatizo ya Kuchoma Masalia ya Shamba la Miti

Mwenye shamba la miti huko Mufindi, Kilolo au Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, akishauza magogo yake, mnunuzi huondoka na kile chenye thamani na kumwachia matawi, vilele, magome na zulia la sindano (yale majani membamba ya paini) ambalo katika shamba la misindano huzamisha kiatu. Shamba halipandiki vizuri likiwa katika hali hiyo, na masalia yenyewe ni hatari, kwa kuwa moto wowote utakaotoka kwa jirani mwezi Septemba utayakuta yamelala tayari. Kwa hiyo wengi huyachoma, na wengi huyachoma Oktoba na Novemba, wakati kila mtu anakimbizana na mvua za kupandia. Miezi hiyo ndiyo mibaya kuliko yote kwa kazi hii: nyasi zilikwisha kukaushwa na baridi ya Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki umezipepeta kwa wiki nyingi, na udongo wenyewe hauna tone la maji.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Mwenye shamba huanza na kile anachokiona kwa macho, kisha anarudi nyuma kutafuta kilichosababisha. Mifano mingi ni ya misindano, yaani paini, kwa sababu ndiyo miti inayotawala mashamba yetu, lakini mikaratusi na miwati ina tabia zake, nazo zitatajwa mahali pake. Niseme mapema kwamba kiberiti ni sehemu ndogo sana ya kazi hii. Matatizo karibu yote niliyoyashuhudia yalizaliwa ama siku rundo lilipopangwa, ama usiku wa kwanza baada ya watu kurudi nyumbani.

Kabla ya dalili yoyote: kibali na watu

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu inayobana uchomaji wa mimea, na vijiji vingi vya nyanda za juu vina sheria ndogo zake juu ya jambo hilo hilo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, upate kibali cha maandishi kinachotaja shamba, siku na saa, kisha uwaendee wenye mashamba yanayopakana na lako mmoja mmoja. Wapo wanaoona hatua hii kuwa urasimu. Mimi naiona kuwa ndiyo bima pekee mkulima mdogo anayoweza kuimudu, kwa sababu jirani aliyearifiwa jana huja na panga na tawi bichi moto unapotoroka, ilhali jirani aliyeshtukizwa huja na mwenyekiti wa kitongoji kudai fidia. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inafaa kupigwa mapema, lakini katika kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya jeshi la kwanza ni majirani hao hao.

Kila rundo linalowaka liwe na watu wasiopungua watatu, wenye reki, jembe, chepe na bomba la kupulizia dawa lililooshwa vizuri na kujazwa maji matupu, pamoja na madumu matano ya lita 20 yaliyokwisha kujazwa na kusogezwa karibu. Maji yaliyoko mtoni si maji ya kuzimia moto. Wavae nguo za pamba na viatu vya ngozi; shati la nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Na kama siku hiyo kuna sherehe kijijini na ulanzi (pombe ya mianzi) unatembea, ahirisha.

Dalili: rundo halishiki, au linashika juu na kuzimika

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni ubichi. Chukua kitawi chenye unene wa kidole gumba kutoka ndani ya rundo, si kutoka juu, na ukivunje. Kikikatika kwa mlio mkavu, kiko tayari; kikipinda na kuonyesha nyuzi nyeupe, bado. Rangi ya sindano hudanganya, kwa sababu sindano hugeuka kahawia wiki kadhaa kabla ya tawi kukauka. Masalia ya misindano yaliyokatwa wakati wa kiangazi huhitaji kama miezi miwili au mitatu ya jua, na yaliyokatwa wakati wa masika huhitaji zaidi.

Sababu ya pili, ambayo watu huisahau, ni udongo. Rundo lililosukumwa kwa trekta au kuburutwa kwa jembe huja na udongo na mizizi, na rundo la namna hiyo halina hewa tumboni. Litawaka juu, litafuka katikati, na litaendelea kuungua chini kwa siku nyingi bila ndimi. Dawa yake si mafuta, bali ni kulibomoa na kulipanga upya kwa mkono: matawi membamba na sindano katikati, matawi manene juu yake, yote yakielekea upande mmoja ili yalale vizuri, na udongo ukung'utwe. Rundo lenye kimo cha mita moja na nusu na upana wa mita mbili au tatu linatosha. Anayepanga rundo kubwa kama nyumba ili amalize kazi haraka hujikuta na moto ambao hakuna mtu anayeweza kuusogelea.

Sababu ya tatu ni mvua iliyolinyeshea. Dawa yake hufanywa mapema: funika kilele cha rundo kwa turubai au nyasi nene wakati lingali kavu, kisha uchome baada ya mvua za kwanza, ambapo tumbo la rundo litakuwa kavu na nyasi za pembeni zitakuwa zimelowa. Turubai huondolewa kabla ya kuwasha, kwa kuwa plastiki haichomwi. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote asiyeweza kuchoma mwezi Mei au Juni, wakati nyasi za mpakani zingali na ubichi.

Petroli isitumike kwa hali yoyote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa ndani ya rundo, na anayepiga kiberiti huwa amesimama katikati ya mvuke huo bila kujua. Mlipuko hauungojei mkono urudi. Sindano kavu za kushikwa kwa mikono miwili zinatosha kuwasha rundo lililopangwa vizuri, na kama hazitoshi, basi rundo halijawa tayari.

Dalili: moshi mzito, mweupe, usiopanda

Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka kwenye vitu vibichi pamoja na gesi ambazo zimekosa joto la kuungua. Rudi kwenye kipimo cha kitawi. Lakini mara nyingine masalia ni makavu kabisa, na bado moshi unatoka mwingi kwa sababu rundo limewashwa chini. Moto unaoanzia chini hupika kila kilicho juu yake kabla ya kukifikia, na mvuke wote huo hutoka kama moshi. Washa juu. Moto unaoshuka kutoka kileleni huunguza gesi zinazopanda kutoka chini yake, hutoa moshi mchache, na haupashi udongo joto kali kama ule wa chini. Mkulima anayeona jambo hili mara ya kwanza hufikiri kwamba halitafanikiwa. Huchukua dakika kumi au kumi na tano za subira kabla ya ndimi kushika barabara.

Moshi unaolala bondeni ni tatizo jingine, na chanzo chake ni anga. Katika usiku na asubuhi za baridi, hewa ya baridi hushuka mabondeni na kufunikwa na hewa yenye joto zaidi juu yake, na kifuniko hicho huzuia moshi kupanda. Utaona moshi unapanda mita chache, unasimama kama umegonga dari, kisha unatandaa na kushuka kuelekea vinyungu (bustani za mabondeni) na nyumba. Shamba likiwa karibu na barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mafinga, ambako malori hayalali, moshi uliochanganyika na ukungu wa asubuhi unaweza kuua watu wasiokufahamu wala kulifahamu shamba lako. Ukiona hali hiyo, acha kulisha moto mara moja, tawanya kile ambacho hakijashika, na umtume mtu mwenye nguo inayong'aa asimame barabarani kila upande kuonya madereva.

Hapa ndipo ugomvi wa saa za kuchoma unapoanzia. Wapo wanaosema asubuhi, wapo wanaosema jioni. Asubuhi kabla ya saa tatu upepo ni mdogo, lakini moshi unalala, na moto unaouwasha unaelekea kukutana na jua la saa saba. Jioni baada ya saa kumi upepo huanza kutulia na umande unakuja kukusaidia, lakini giza huingia kazi haijakwisha. Kwa marundo madogo, mimi huchagua saa kumi jioni na kuwasha marundo machache tu, ili saa moja usiku yawe yamebaki makaa. Anayetaka kuchoma marundo ishirini siku moja hatapata saa inayofaa, kwa sababu haipo.

Kwa wanaochoma majani na matawi uani, kanuni ni zile zile, isipokuwa nafasi ni ndogo. Rundo la uani likae mbali na nyumba, mabanda na nyaya za umeme, na lisiwe jalala. Chupa, mifuko, magunia ya plastiki na matairi hutoa moshi wenye sumu, na vyombo vya dawa ya kupulizia ni vibaya zaidi. Majani mabichi na maganda yawekwe kwenye shimo la mboji. Hayana sababu ya kuchomwa.

Dalili: cheche zinaruka nje ya rundo

Tazama kwanza ni nini kinachoruka. Kama ni vipande virefu vyembamba vinavyopanda vikiwa vinawaka na kuelea kama karatasi, hayo ni magome ya mikaratusi, au milingoti kama wengine wanavyoiita, na magome hayo husafiri mbali kuliko cheche nyingine zote. Yatenganishe na rundo kabla ya kuwasha, uyachome machache machache siku tulivu, au uyaache yaoze. Majani ya mikaratusi yana mafuta, kwa hiyo huripuka ghafla hata yakiwa na ubichi kidogo, na mtu anayeongeza tawi lenye majani kwenye moto huo asimame upande ambako upepo unatokea na kulirusha, asiliweke kwa mkono.

Kama ni cheche ndogo nyingi zinazopanda kwa nguvu, rundo ni kubwa kupita kiasi. Punguza kwa kuacha kulisha. Kulichokoa rundo linalorusha cheche ni kosa la kawaida, kwa maana kila linapochokolewa hurusha nyingine.

Na kama cheche zilikuwa chache na sasa zinalala upande mmoja, upepo umebadilika. Kabla ya kuwasha rundo lolote, washa kwanza konzi moja ya nyasi kavu kwenye udongo mtupu na uangalie mkia wa moshi wake kwa dakika tano. Moshi unaopanda wima au kuinama kidogo kuelekea upande mmoja unakubalika. Moshi unaogeukageuka, au matawi madogo ya miti yanayotikisika mfululizo, ni ishara ya kurudi nyumbani. Nimewahi kuwarudisha vibarua sita kwa sababu ya mkia wa moshi, nikawalipa siku nzima, na sijajuta.

Mtu mmoja kati ya watatu asitazame moto kabisa. Kazi yake ni kugeuka mgongo, kutembea upande unakoelekea upepo, na kutafuta moshi mdogo kwenye nyasi. Macho hupenda ndimi, na ndiyo maana moto wa pili huonekana ukiwa umeshakua.

Dalili: moto umevuka njia ya moto, au unapanda mlima

Njia ya moto, yaani ukanda uliosafishwa ili kuuzuia moto usienee, huvukwa kwa sababu tatu ambazo zote zinaonekana kabla. Ya kwanza ni kwamba ilifyekwa lakini haikulimwa, ikabaki na mashina ya nyasi na sindano zilizodondoka tangu ilipotengenezwa. Njia ya moto ni udongo mtupu. Tembea juu yake asubuhi ya siku ya kuchoma na reki mkononi. Kulizunguka rundo, udongo mtupu usipungue mita tatu, na kwenye mpaka wa shamba mimi sishuki chini ya mita kumi. Ya pili ni matawi ya miti ya jirani yanayoning'inia juu ya njia hiyo, ambayo huugeuza moto wa chini kuwa moto wa juu. Ya tatu ni mteremko.

Mteremko unastahili maelezo, kwa sababu mashamba yetu mengi yako milimani. Moto unaopanda huinamisha ndimi zake juu ya vitu vilivyo mbele yake na kuvikausha kabla ya kuvifikia, na kanuni inayotumiwa na wazima moto wa misitu ni kwamba kasi yake huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi kumi za mteremko. Mtu aliyezoea moto wa tambarare hupoteza hesabu kabisa. Kwa hiyo marundo ya juu mlimani huchomwa kwanza, na yakishakuwa majivu ndipo ya chini yanawashwa, ili moto ukitoroka ukutane na mahali pasipo na kitu cha kuungua. Upande wa chini wa rundo chimba mtaro mfupi, kwani koni za misindano na vipande vya magogo huviringika vikiwa vinawaka, huruka njia ya moto kama mpira, na kuwasha nyasi za bondeni, ambako moto huo mpya utapanda kukukuta wewe.

Moto ukishavuka, uamuzi ni wa dakika za mwanzo. Ukiwa bado chini ya magoti, watatu wanaweza kuuua kwa matawi mabichi na maji, wakianzia nyuma yake na kwenda ubavuni, si mbele. Tawi lishuke na kukandamiza. Linaloinuliwa juu kwa nguvu hutawanya cheche. Moto ukifika kiunoni, acheni, pigeni mbiu, pigeni 114, na mtoke kwa kupitia ubavuni au mwingie mahali palipokwisha kuungua. Usikimbie kupanda mlima mbele ya moto, hata kama ndiyo njia fupi ya kufika nyumbani.

Dalili: moto ulizimwa, lakini siku ya tatu umeibuka

Hili ndilo tatizo ninaloliogopa kuliko yote, na ndilo linaloleta kesi nyingi mbele ya baraza la kijiji, kwa kuwa mwenye shamba huapa kwamba alizima, naye husema kweli kwa kadiri alivyoona.

Mwaka mmoja nilichoma marundo manne, tukamwagia maji hadi mvuke ukaisha, tukaondoka saa mbili usiku tukiwa tumeridhika. Asubuhi ya siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu, nilipita shambani kwa shughuli nyingine. Umande ulikuwa umefunika nyasi zote, isipokuwa duara moja lenye upana wa sinia, lililoko hatua tano nje ya rundo la mwisho, ambapo nyasi zilikuwa kavu. Katikati ya duara hilo palikuwa na kisiki cha zamani, na kutoka kwenye ufa wake ulikuwa unatoka uzi wa moshi mwembamba kuliko wa sigara. Nilisogeza mgongo wa mkono na nikaurudisha kabla haujagusa. Tulipochimba, tulikuta mzizi wenye unene wa mkono ukiwa umegeuka bomba la makaa mekundu, umepita chini ya njia ya moto tuliyoilima kwa bidii, na umekuja kutokea kwenye kisiki. Saa nne upepo ungeanza.

Sababu ziko tatu, na mara nyingi huja pamoja. Mizizi iliyokufa huungua polepole chini ya ardhi, ikipata hewa kidogo ya kutosha tu isizimike. Visiki vya zamani, hasa vilivyooza ndani, hubeba makaa kama jiko. Na mboji ya msitu, yaani lile tabaka jeusi lililoko chini ya sindano, huungua bila ndimi na bila moshi mwingi, hasa mwishoni mwa kiangazi linapokuwa limekauka hadi chini. Maji yaliyomwagwa juu ya majivu hayafiki huko. Majivu yenyewe huyazuia, yakatengeneza ukoko, na chini ya ukoko makaa yanakaa salama.

Kuzima, basi, ni kazi ya jembe zaidi kuliko ya ndoo. Tawanya makaa yasilale kwa kurundikana, mwaga maji, koroga kwa chepe mpaka upate tope, mwaga tena, koroga tena. Kisha piga magoti na upitishe mgongo wa mkono karibu na majivu, bila kugusa kwanza, hatua kwa hatua, ukizunguka ukingo wote na kila kisiki kilichoko ndani ya mita kumi. Mgongo wa mkono huhisi joto upesi kuliko kiganja, na ukiungua utabaki na kiganja cha kufanyia kazi. Panapokuwa na joto, chimba mpaka ufikie udongo baridi, na mzizi unaoingia ardhini ukatwe kwa shoka na ncha zote mbili zimwagiwe maji. Kama maji yamekwisha, changanya makaa na udongo wenye unyevu na uendelee kukoroga; kuyafukia tu na kuondoka ni kuyahifadhi.

Rudi asubuhi, mapema, wakati umande unapokusaidia kuona duara kavu na baridi inapofanya uzi wa moshi uonekane. Rudi tena saa nane mchana, wakati upepo unapofukua kilichojificha. Fanya hivyo kwa siku tatu baada ya kuona dalili ya mwisho ya joto, na kwa wiki nzima kama rundo lilikuwa na udongo au lilikaa juu ya visiki. Rundo lisipangwe juu ya kisiki tangu mwanzo. Mita tatu za kulihamisha rundo zinaokoa siku tatu za kuchimba.

Dalili: miti iliyosimama karibu imegeuka kahawia

Sindano za kahawia peke yake si kifo. Kata kidirisha kidogo cha gome karibu na ardhi, upande uliotazama moto, na uangalie tabaka lililo chini yake: likiwa jeupe na lenye unyevu, mti una nafasi ya kupona, likiwa la kahawia na lenye harufu ya uchachu kuzunguka shina lote, mti umekwisha, uvune mapema kabla wadudu hawajaingia. Misindano michanga ina gome jembamba na haisamehe. Rundo likae walau mita kumi kutoka kwenye mti unaotaka kuubakiza, na zaidi ikiwa mti uko upande wa juu.

Dalili: miche iliyopandwa mahali palipochomwa inakufa

Mkulima hulaumu kitalu, mara nyingi bila haki. Chimba mche mmoja unaokufa na uangalie kilichouzunguka. Kama maji ya mvua yanateleza juu ya udongo kana kwamba umepakwa mafuta, na chini yake udongo ni mkavu, moto ulikuwa mkali kiasi cha kuufanya udongo ukatae maji. Uvunje kwa jembe kina cha kiganja na upande kwenye shimo pana. Joto hilo hilo huitoa naitrojeni na kuipeleka hewani, ingawa potasiamu na sehemu kubwa ya fosforasi hubaki kwenye majivu, na ndiyo sababu magugu huota kwa furaha mahali ambapo mche unageuka njano.

Kama udongo una unyevu lakini mizizi imeoza, na karibu na hapo unaona kitu cha kahawia chenye ukingo mweupe au wa manjano, kilichojikunjakunja na kushikamana na ardhi kama ganda, yafaa kushuku aina ya kuvu iitwayo Rhizina undulata. Chembe zake za uzazi hulala udongoni na kuamshwa na joto la moto, kisha huvamia mizizi ya misindano. Wakulima wa misindano wa Afrika Kusini wanaifahamu vizuri, na kinga yao ni kungoja kama miezi mitatu baada ya kuchoma kabla ya kupanda. Anayechoma Mei au Juni na kupanda Desemba anakuwa ameshangoja bila kujua. Anayechoma baada ya mvua za kwanza hana nafasi hiyo, na njia iliyobaki kwake ni kuyapanga marundo machache, yaliyo mbalimbali, na kupanda katikati yake huku akiyaacha madoa ya majivu matupu hadi msimu unaofuata.

Na kama miche haifi bali inamezwa na maelfu ya miche mingine yenye majani membamba kama manyoya, hiyo ni miwati. Mbegu zake zina ganda gumu na hukaa udongoni miaka mingi, na joto la moto hulipasua ganda hilo. Shamba lililowahi kuwa na miwati, au lililo jirani nayo, lisichomwe kwa kutandaza moto juu ya ardhi yote; masalia yake yapangwe kwenye mistari inayokata mteremko, ambako yatazuia mmomonyoko na kuoza taratibu, na matawi manene yagawiwe kama kuni. Ikiwa miwati imeshaota, ing'olewe kwa mkono ikiwa na kimo cha shubiri na udongo ungali na unyevu wa mvua, kwa sababu ikifika magotini haing'oki tena, na ikikatwa kwa fyekeo huchipua.